Uzi: Apartema za Goma, wakaaji wanaridhika na nini, na aliyejenga anajibu hadi lini?

Mkaaji_wa_Himbi (mwanzisha uzi)

Wakubwa, habari zenu. Nyumba za etaje (ghorofa) zinaota kila upande: Himbi, Katindo, Kyeshero, mpaka kandokando ya ziwa. Kila tangazo lina picha ya karo (vigae) zinazong'aa na jiko la rangi mbili. Sijaona hata moja linalosema siterne (tangi la maji) inabeba lita ngapi.

Naomba tukusanye hapa mambo yanayowafanya watu wa jengo moja wakae miaka, na wa jengo la jirani wahame kabla hata rangi haijakauka. Vipimo, sababu, na maswali ya kuuliza kabla ya kutoa pesa. Pia, kasoro ikijitokeza baada ya funguo kutolewa, ni nani anayejibu, na kwa muda gani? Majina ya kampuni na ya watu tuyaache nje.

---

Fundi_Tiyo

Anza na maji, ndugu. Ukimwuliza mtu kama anaridhika na nyumba yake, atakujibu kulingana na maji yalivyotoka asubuhi hiyo.

Hesabu ni hii. Jengo la apartema 8, watu 6 kwa kila moja, ni watu 48. Kwa matumizi ya kubana, lita 50 kwa mtu kwa siku, unapata lita 2,400. Regideso (shirika la maji) ikikata siku tatu, unahitaji lita 7,200 zilizokwisha kuhifadhiwa. Kwa hiyo siterne moja ya lita 3,000 juu ya paa, ambayo ndiyo ninayoiona kila mahali, inakwisha siku ya pili asubuhi, kisha watu wanapanda ngazi na bido (madumu).

Mpango mzuri ni siterne kubwa chini, lita 10,000, na ndogo juu, lita 2,000, na pampu katikati yenye flota (maboya yenye swichi) mbili: ya juu inazima pampu siterne ikijaa, ya chini inaizuia isizunguke kavu maji ya chini yakiisha. Flota ya chini ndiyo wanayoiacha ili kuokoa pesa kidogo. Pampu ikizunguka kavu inaunguza sili yake ya ndani inayozuia maji, maji yanaanza kuvuja kwenye ekseli, na jengo zima linakaa bila maji wakati kila mtu anatafuta nani atanunua pampu mpya.

Kuna na uzito. Lita 1,000 ni tani moja. Siterne ya lita 5,000 inakalia kama mita mbili na nusu za mraba tu, maana yake tani mbili kwa kila mita ya mraba, wakati dale (sakafu ya zege) ya kawaida ya nyumba ya kulala huhesabiwa kwa kilo 150 za matumizi kwa mita ya mraba. Lazima ikae juu ya putre (mihimili) na poto (nguzo), si katikati ya dale. Ukiingia apartema ya juu kabisa, tazama plafo (dari) chini ya siterne. Ufa unaokwenda mviringo au alama ya unyevu hapo, usilipe.

---

Mama_Etaje_ya_Nne

Fundi, mbona sisi wa juu kabisa ndio tunaopata maji hafifu, na siterne iko kichwani petu? Shofo (hita ya maji) ya bafu inawaka na kuzima yenyewe.

---

Fundi_Tiyo

Ni kwa sababu hiyohiyo, mama: iko karibu mno. Nguvu ya maji inatokana na kimo. Mita 10 za kimo ni bar 1 (kipimo cha msukumo). Kutoka mdomo wa siterne mpaka kichwa cha shawa yako kuna mita moja hivi, yaani bar 0.1. Wa redeshose (ghorofa ya chini) wana mita tisa zaidi, wanapata karibu bar 1. Shofo ya papo kwa papo ina kiwambo ambacho hakiwashi umeme mpaka maji yakisukume vya kutosha, bar 0.1 haitoshi, ndiyo maana inawaka na kuzima.

Dawa ni mbili. Kuinua siterne kwa mnara wa chuma au wa beto (zege) mita 3 au 4 (hilo ni la mjenzi, liangaliwe na ingenieri kwa ajili ya upepo na matetemeko), au kufunga pampu ndogo ya kuongeza nguvu kwenye tiyo (bomba) inayolisha etaje ya mwisho pekee. Ya pili ni rahisi, ila haifanyi kazi umeme ukikatika. Na tiyo inayoshuka kutoka siterne isiwe ya milimita 20. Iwe 40, kisha matawi ya 25 kwa kila apartema.

Jaribio la mgeni: fungua shawa na robine (koki) ya jikoni kwa pamoja, weka bido ya lita 10 chini ya shawa. Ikijaa ndani ya dakika moja na nusu, vizuri. Ikipita dakika tatu, mtakosana na nyumba hiyo.

---

Inj_Katindo

Fundi amesema vizuri juu ya maji yanayoingia. Mimi nasema yanayotoka, kwa sababu hapo ndipo Goma ilivyo tofauti na miji mingine. Chini yetu ni jiwe la lava. Kuchimba shimo la mita tatu ni kazi ya nyundo na patasi kwa wiki nyingi, basi mjenzi anachimba mita moja na nusu na kuandika kwenye plani kwamba ni tatu.

Kwa watu walewale 48, kila mmoja akitoa lita 70 za maji machafu siku asizobana maji, ni kama lita 3,400 kwa siku. Fosi septike (shimo la maji machafu) inatakiwa kuyashika siku tatu, karibu mita za ujazo 10. Ongeza matope: lita 40 kwa mtu kwa mwaka, kwa miaka miwili ni karibu mita za ujazo 4. Jumla 14. Shimo la ndani la urefu wa mita 4.5, upana 2, na kimo cha maji 1.6 linafikia hapo. Ligawanywe vyumba viwili, cha kwanza theluthi mbili. Tiyo ya hewa ya milimita 100 ipande mpaka juu ya paa, si kuishia kwenye dirisha la jirani. Matope yakifika theluthi ya kimo cha maji, ni wakati wa kuita gari la kunyonya. Mkiacha yapite hapo, yanakwenda kuziba shimo la kupenyeza (lile linaloyapitisha maji ardhini), na shimo la kupenyeza lililoziba halifufuki, linachimbwa jingine.

Wengine wanafurahi kwamba fosi yao "haijai". Kwenye lava hilo si jambo la kufurahia. Ina maana maji machafu yamepata ufa na yanateremka moja kwa moja kuelekea ziwani bila kuchujwa. Baada ya vyumba vile viwili, chumba cha kuchujia kijazwe pozolane, lile jiwe jepesi lenye matundu. Tunalo bure, na linachuja.

Swali la kumwuliza mwenye nyumba: fosi ilinyonywa lini mara ya mwisho, na gari linaingilia wapi? Ukiona mfuniko umefunikwa na karo za uwanja, umepata jibu.

---

Kijana_Birere

Na harufu ya bafuni je? Jengo jipya, fosi ni nzuri, lakini jioni bafu linanuka.

---

Fundi_Tiyo

Dogo, hiyo ni sifo. Chini ya kila shimo la maji kuna kona inayobaki na maji, sentimita 5, ndiyo inayozuia hewa ya fosi. Yanapotea kwa njia mbili. Ama bafu halitumiki na yanakauka, hapo mwaga kikombe cha maji, kwisha. Ama wa juu akivuta maji ya choo, yale yanayoshuka yanavuta hewa nyuma yake na kunyonya sifo yako. Utasikia sauti ya kugugumia. Hii ya pili ni kosa la mjenzi: tiyo kubwa ya kushukia imekatwa juu na kufungwa badala ya kuendelea wazi hadi juu ya paa.

Vipimo kwa anayejenga: tiyo ya choo milimita 100, shawa 50, lavabo (sinki la kunawia) 40, mteremko sentimita 2 kwa kila mita. Chini ya sentimita 1, taka zinabaki njiani.

Dale ya bafu ijaribiwe kabla ya karo. Ziba shimo, jaza maji sentimita 5, acha saa 48, kisha angalia plafo ya wa chini. Kinga ya maji ipande ukutani sentimita 15, na kwenye shawa hadi mita mbili. Karo peke yake hazizuii maji, viungo vyake vinapitisha.

---

Umeme_na_Dunia

Ya umeme nitasema mawili tu, mengine mnayajua.

La kwanza ni konteri (mita ya umeme). Kila apartema iwe na yake ya kulipia kabla, na sehemu za pamoja (pampu, ngazi, taa za nje) ziwe na ya peke yake. Jengo lenye konteri moja linaleta ugomvi kila mwezi hata watu wakipendana, kwa sababu mwenye friji na mwenye balbu tatu wanalipa sawa. Uliza pia kama pampu imeunganishwa na jenereta. Ikiwa ni taa tu, umeme ukikatika na maji yanakatika.

La pili ni ardhi, ile waya ya kijani na njano. Fimbo ya shaba ya mita moja na nusu haiingii kwenye lava. Ukiona imesimama vizuri kwenye uwanja wa Goma, jua imekatwa. Na hata ikiingia, jiwe kavu halipitishi umeme vizuri. Njia inayofanya kazi ni kutandika shaba tupu ya milimita 25 za mraba kuzunguka msingi wote kabla ya kumwaga beto, na kuifukia kwa udongo laini. Jengo likishasimama, nafasi hiyo imepita. Utalazimika kuchimba mifereji na kujaza udongo wa kuleta. Angalau dai diferansieli (kifaa kinachokata umeme ukivuja) ya miliampea 30 katika kila apartema. Bonyeza kitufe chake cha jaribio mbele ya mwenye nyumba: isipokata, haina kazi. Waya za taa milimita za mraba 1.5, prize (soketi) 2.5, jiko la umeme 6. Dizonkteri (swichi inayokata umeme ukizidi) ya ampea 32 kwenye waya wa 2.5 ni moto unaongoja, kwa sababu waya unaungua kabla yake.

---

Bkv_Mteremko

Kutoka Bukavu nawasalimu. Ninyi mna jiwe, sisi tuna udongo unaotembea. Kwa wanaotafuta apartema Nguba au Muhumba, tazameni ukuta unaoshika mlima nyuma ya nyumba kabla ya kutazama jiko. Ukuta wa namna hiyo uwe na matundu ya kutoa maji, tiyo za milimita 50 hadi 75 kila mita mbili hivi, na nyuma yake kokoto. Nenda baada ya mvua: matundu yakitiririsha, ukuta unapumua. Yakiwa makavu na ukuta umetota au umeanza kuvimba katikati, maji yamenaswa nyuma na yanasukuma. Hakuna rangi ya kutibu hilo.

---

Mkaaji_wa_Himbi

Asanteni sana. Na nyufa? Jirani zangu wote wanaogopa kila mstari ukutani tangu 2021.

---

Inj_Katindo

Wana haki. Baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, matetemeko yalifuatana siku kadhaa na majengo mengi yalipasuka. Bukavu nao walipata tetemeko la 5.9 tarehe 3 Februari 2008. Nyumba ya etaje hapa isijengwe kana kwamba iko kwenye nchi tulivu.

Mistari membamba kama unywele inayokwenda ovyo juu ya krepi (plasta) ni sima (saruji) iliyokauka upesi kwa jua, haina hatari. Mstari ulionyooka unaofuata mpaka wa poto na tofali ni vitu viwili visivyoshikana vizuri; unaudhi macho tu. Unaotakiwa kukustua ni ule wa mshazari unaotoka kwenye kona ya dirisha, unaopita ukuta hadi upande wa pili, au ulio kwenye poto na putre zenyewe. Kadi ya benki ina unene wa karibu milimita 0.8: ikiingia kwenye ufa wa poto, ita mtaalamu leo.

Kujua kama ufa unaendelea, paka jipsi juu yake, unene wa sentimita 1, andika tarehe. Ikivunjika, jengo bado linatembea. Krepi ya sima usitumie, inajipasukia yenyewe.

Aina ninayoiogopa zaidi ni jengo la redeshose ya maduka au ya magari, poto tupu bila kuta, halafu juu etaje tatu za kuta nzito. Tetemeko likija, chini ndiko kunakolegea. Poto hizo zinataka etrie (pete za chuma) za karibukaribu, sentimita 10 au pungufu karibu na vichwa na miguu yake, na ncha zake zikunjwe kuingia ndani ya beto, si kuishia kwa pembe mraba. Baada ya kumwaga hakuna anayeona, kwa hiyo mwenye kujenga adai picha za ferabeto (nondo) za kila dale, zenye mita ya kupimia ndani ya picha.

Beto: kilo 350 za sima kwa mita ya ujazo, mifuko 7. Kwa mfuko mmoja, toroli 1 ya mchanga, 2 za kokoto, lita 25 za maji. Fundi akiongeza maji ili imwagike upesi, ameshusha nguvu. Pozolane isiwekwe badala ya kokoto katika poto. Ni nzuri kwa fosi, ni dhaifu kwa kubeba.

---

Mzee_wa_Kyeshero

Ongezeni mazuku. Hewa nzito ya kabonidioksidi inatoka ardhini upande wetu wa magharibi, inajikusanya mabondeni, usiku na alfajiri pasipo upepo. Mjenzi akikuonyesha chumba cha chini ya ardhi kinachoitwa studio, kataa. Redeshose iwe juu ya usawa wa uwanja na iwe na matundu ya hewa chini kabisa ya ukuta, kwa sababu hewa hiyo inalala chini. Mtu asishuke kwenye fosi wala siterne ya ardhini peke yake.

Na manjanja (mabati): moshi wa volkano unafanya mvua kuwa na asidi, manjanja membamba yanatoboka mapema. Namba 28 ni nene kuliko 32, mjue mnapoambiwa ni "yaleyale". Maji ya mvua ya paa yatumike kufua na kudeki. Yanaweza kuwa na florini nyingi, na kuchemsha hakuiondoi, kunaizidisha.

---

Sindika_Makini

Sasa swali la pili la mwenye uzi, huduma. Ninawasoma mkizungumza vyuma, lakini wakaaji wengi huvumilia kasoro. Wasichovumilia ni kutojibiwa.

Kati ya mwenye jengo na mjenzi kuna mapokezi mawili. Ya muda, kazi inapokabidhiwa, na ya mwisho, kwa kawaida mwaka mmoja baadaye. Katikati, mwenye jengo anashikilia sehemu ya malipo, mara nyingi kati ya asilimia 5 na 10. Pesa hiyo ndiyo inayomrudisha fundi. Akilipwa yote siku ya funguo, simu yake itakuwa haipatikani. Mwaka huo ni lazima upite kwenye msimu wa mvua mzima, na mapokezi ya mwisho yasifanyike kiangazi.

Kisheria, kwa uharibifu mkubwa wa jengo, hata ukitokana na ubaya wa udongo, mwenye kuchora na mwenye kujenga wanawajibika miaka kumi. Iko katika kitabu cha tatu cha sheria ya raia, amri ya 30 Julai 1888. Lakini angalieni: mpangaji hana mkataba na mjenzi. Anamdai bayeri (mwenye nyumba anayepangisha), na bayeri anamdai mjenzi. Mpangaji anayemfuata fundi moja kwa moja anazungushwa.

Garanti (pesa ya dhamana) nayo, sheria ya 31 Desemba 2015 juu ya kodi za nyumba inaweka kikomo cha miezi mitatu kwa nyumba ya kukaa. Wanaodai sita wanajua wanachofanya.

---

Kijana_Birere

Wanajua, na ukikataa wanampa mwingine.

---

Sindika_Makini

Kweli. Basi ukishindwa kupunguza, dai risiti inayosema "garanti" na idadi ya miezi, isiandikwe "malipo ya nyumba". Siku ya kutoka hiyo ndiyo tofauti.

Ndani ya jengo weka daftari moja kwa sentineli (mlinzi): tarehe, saa, apartema, kasoro, saa aliyofika fundi, saa ilipokwisha. Tiyo iliyopasuka au waya unaonuka, ishughulikiwe ndani ya muda wa saa mbili. Choo kilichoziba, siku hiyohiyo. Robine inayodondosha, siku tatu. Kufuli na rangi, wiki mbili. Ubao wa ngazini uonyeshe muda huo, na uheshimiwe. Mgeni anayetafuta nyumba aombe kuliona daftari. Kurasa tupu hazimaanishi jengo halina kasoro, zinamaanisha hakuna anayeandika.

Wenye majengo wengine siku hizi wanagawa karatasi: "Unaridhika? Ndiyo/Hapana." Haifai kitu, mtu anajibu kwa hasira au kwa kuogopa kupandishiwa kodi. Ulizeni kitu kimojakimoja, alama 1 hadi 5: maji, umeme, kelele, usafi wa ngazi, usalama, na kasi ya kujibiwa. Bila jina, ila etaje iandikwe, kwa sababu maji ya etaje ya nne na ya redeshose ni habari mbili.

---

Mama_Etaje_ya_Nne

Kelele umeitaja na kuipita. Viti vya juu vinaburutwa saa tano usiku, tunasikia kila mguu.

---

Inj_Katindo

Mama, karo zilizobandikwa moja kwa moja juu ya dale zinapitisha kila pigo. Mjenzi angeweka tabaka laini la milimita 5 chini ya sima ya karo, na ukanda wake upande kidogo ukutani ili karo zisiguse ukuta. Jengo likishakwisha, kinachobaki ni mpira chini ya miguu ya viti na mkeka kwa wa juu, ni bei ndogo kuliko ugomvi.

Sauti za maneno ni jambo jingine: zinapita kwenye bloki za sentimita 10 zenye matundu kati ya apartema mbili. Ziwe 20, au 15 zilizojazwa, na krepi pande zote mbili hadi kugusa dale, hata nyuma ya plafo. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole juu karibu na plafo. Mara nyingi krepi inaishia pale macho yanapoishia.

---

Mkaaji_wa_Himbi

Nimeandika yote. Swali la mwisho kwa Sindika: daftari likiwa tupu na bayeri anasema "hapa hakuna shida", nimwulize nani?

---

Sindika_Makini

Sentineli, na mama anayeosha ngazi. Uliza maji yalikatika lini na gari la fosi lilikuja lini. Kisha rudi saa moja jioni, watu wote wakiwa nyumbani, ufungue robine ya juu.